Picha za kamera kati ya Mac na Windows: dalili, chanzo na la kufanya

Mpiga video wa harusi anarekodi kwa Sony, usiku anahamishia kadi kwenye MacBook, kesho yake diski inakwenda kwa mhariri anayefanya kazi kwenye Windows. Ni katika safari hiyo fupi ambapo picha nyingi hupotea, na mara nyingi diski yenyewe haina ubovu wowote. Kinachoziua ni kitufe kilichobonyezwa haraka baada ya kompyuta kutoa ujumbe wa kutisha. Bibi harusi hawezi kuombwa aingie kanisani upya, wala mazishi hayarudiwi. Ndiyo maana hapa chini tunaanzia kwenye dalili unayoiona, tunatafuta chanzo chake, kisha tunachagua njia isiyogusa nakala ya asili.

Kabla ya dalili yoyote, kuna tahadhari ambazo hazina mjadala. Kadi ya SD ina kitufe kidogo ubavuni kilichoandikwa LOCK. Kitelezeshe kabla hujaichomeka kwenye kompyuta, ili, kwa visomaji vingi vya kadi, Mac wala Windows isiweze kuandika chochote ndani yake, hata yale mafaili ya siri ambayo mifumo hii hujiandikia bila kukuuliza. MicroSD haina kitufe hicho, ila adapta yake huwa nacho. Kisha nakili, usihamishe. Ukikata na kubandika, umeme ukikatika au waya ukilegea katikati, hutajua kilichofika na kilichobaki. Na kadi isifutwe mpaka picha ziwe kwenye diski mbili tofauti na umehakiki zote mbili. Folda mbili ndani ya diski moja ni nakala moja tu, kwa sababu diski ikianguka zinakufa pamoja.

Windows inataka kufomati diski iliyotoka kwenye Mac

Hii ndiyo dalili iliyomaliza kazi za watu wengi. Unachomeka diski kwenye Windows, linatokea dirisha linalosema diski lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, na kitufe cha "Format disk" kimekaa palepale kinakungoja. Wakati mwingine Windows hainyanyui hata neno, diski haionekani tu kwenye "This PC", ingawa taa yake inawaka.

Mara nyingi chanzo ni kwamba diski ilifomatiwa kwa mfumo wa faili (namna diski inavyopanga na kuorodhesha mafaili) wa Apple: APFS, ulioingia kwenye Mac mwaka 2017, au ule wa zamani wa HFS+, unaoandikwa "Mac OS Extended". Windows yenyewe haina uwezo wa kusoma hata mmoja kati ya hiyo miwili. Inaona kuna diski, inashindwa kusoma kilichomo, basi inakushauri uifute. Picha zako zote ziko salama mpaka hapo. Bonyeza "Cancel", ichomoe, irudishe kwenye Mac. Ukiibonyeza kwa kitufe cha kulia na kuchagua "Get Info", mstari wa "Format" utakuambia ukweli wote. Ukiona APFS au Mac OS Extended, na picha zinafunguka vizuri, huna tatizo la diski. Una tatizo la lugha mbili zisizoelewana.

Hapo usijaribu kuirekebisha kwa chkdsk wala programu yoyote ya Windows ya kukarabati diski, kwa kuwa hakuna kilichoharibika. Tafuta diski nyingine yenye exFAT, mfumo wa faili ambao Mac na Windows zote huusoma na kuuandika, nakili kutoka Mac kwenda huko, mpe mhariri hiyo. Kama huna diski ya pili na kompyuta zote mbili ziko chumba kimoja, tumia mtandao wa ndani: kwenye Mac washa "File Sharing" ndani ya mipangilio ya "Sharing", ingia "Options", ruhusu SMB, njia ya kugawana mafaili ambayo Windows nayo inaielewa, na uweke alama kwenye jina la mtumiaji. Kwenye Windows fungua File Explorer, andika mikwaju miwili ya kurudi nyuma ikifuatiwa na anwani ya ile Mac, kwa mfano \\192.168.1.20, kisha weka jina na nenosiri la Mac. Kwa waya wa mtandao wa gigabiti utapata takribani megabaiti 110 kwa sekunde, ambayo ni kasi ya diski ya kawaida ya kuzunguka. Kwa Wi-Fi vumilia.

Zipo pia programu za kulipia zinazoipa Windows uwezo wa kusoma diski za Apple, kama MacDrive na zile za Paragon. Zinafaa kwa studio inayopokea diski za wateja kila wiki. Kwa kazi ya mara moja, kuazima diski ya exFAT ni rahisi zaidi.

Upande wa pili, Mac nayo ina vishawishi vyake. Ikikuambia diski haisomeki na kukupa vitufe vya "Initialize", "Ignore" na "Eject", chagua "Eject". Huenda diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli la siri la Windows, na Mac haina ufunguo wake. Ipeleke kwenye Windows ifunguliwe huko. Na diski mpya ikichomekwa, Mac inaweza kuuliza kama utaitumia kwa Time Machine, programu yake ya kuhifadhi nakala za kompyuta. Kama ina picha za kazi, kataa.

Mac inafungua diski lakini haikubali kuandika

Unaziona picha, unaweza hata kuzicheza, ila ukivuta faili kuliweka ndani, linagoma. Chini ya dirisha la Finder, kushoto, huenda ukaona alama ndogo ya kalamu iliyokatwa kwa mstari.

Mara nyingi diski hiyo ni ya NTFS, mfumo wa kawaida wa Windows. Mac inasoma NTFS vizuri, haiandiki. Kwa hiyo kama kazi inatoka Windows kuja Mac, hakuna cha kurekebisha: nakili uendelee. Shida ni pale unapotaka kurudisha kazi iliyohaririwa kwenye diski ileile. Paragon na Tuxera wanauza programu za kuiwezesha Mac kuandika NTFS, nazo hufanya kazi. Zile mbinu za bure za kulazimisha uandishi kwa amri za Terminal (dirisha la Mac la kuandika amri), siwezi kumshauri mtu azijaribu kwenye diski yenye nakala pekee ya kazi ya mteja. Ni nafuu kutuma kwa mtandao wa ndani au kwa diski nyingine.

Kama ni kadi ya SD na si diski, angalia kwanza kile kitufe cha LOCK. Kadi iliyofungwa itakataa kuandikwa, na hiyo ndiyo kazi tuliyoipa.

Faili moja kubwa linagoma, madogo yanapita

Ujumbe unasema faili ni kubwa mno kwa mfumo wa diski, ilhali diski ina nafasi tele. Hiyo ni FAT32, ambayo Mac inaiita "MS-DOS (FAT)". Haipokei faili lolote linalofika gigabaiti 4. Kwa 4K ya Sony inayorekodiwa kwa megabiti 100 kwa sekunde, unafika hapo chini ya dakika sita. Hotuba moja ya baba mzazi inatosha kuvuka mpaka. Flashi nyingi huja na FAT32 tangu kiwandani. Toa kila kilichomo, ifomati kwa exFAT, kisha uanze upya. Usilikate faili vipande ili lipenye.

exFAT yenyewe, na diski inayochelewa kujitokeza

exFAT ilitolewa na Microsoft mwaka 2006, na Mac inaisoma na kuiandika tangu toleo la 10.6.5. Kadi zote za SDXC, yaani zilizozidi gigabaiti 32, hutumia mfumo huohuo. Kwa hiyo ni daraja halali kati ya pande mbili. Lakini ni daraja, si ghala. Tofauti na NTFS na APFS, exFAT haina kinga ya ndani ya kuilinda orodha ya mafaili pale uandishi unapokatizwa. Ukichomoa diski ya exFAT kabla haijamaliza kuandika, unaweza kuharibu orodha hiyo na folda nzima ikageuka tupu. Bonyeza "Eject" kwenye Mac, "Safely Remove Hardware" kwenye Windows, kila safari, hata kama pazia la kanisa linafungwa na dereva anapiga honi. Na nakala ya kudumu iweke kwenye APFS kama wewe ni mtu wa Mac, au NTFS kama ni wa Windows.

Ukiifomati diski kwenye Mac, Disk Utility, programu yake ya kusimamia diski, inaficha kitu muhimu. Fungua "View", chagua "Show All Devices", kisha bonyeza jina la juu kabisa, lile la kifaa chenyewe, siyo jina lililo chini yake. Hapo ndipo utaona sehemu ya "Scheme". Weka GUID Partition Map pamoja na exFAT. Halafu ijaribu kwenye Windows ikiwa bado tupu, kabla haijabeba kazi ya mtu.

Sasa dalili inayotia watu hofu: diski ya exFAT ilikuwa inafanya kazi jana, leo ukiichomeka kwenye Mac taa inawaka, inanguruma, lakini haitokei. Watu huichomoa, huichomeka, huichomoa tena, na ndivyo wanavyozidi kuiumiza. Fungua Activity Monitor, programu ya Mac inayoonyesha kazi zinazoendelea, andika "fsck" kwenye sehemu ya kutafuta. Ukiona fsck_exfat inafanya kazi, basi Mac iko katikati ya kuikagua diski, kwa sababu safari iliyopita ilichomolewa vibaya. Iache imalize. Kwa diski ya terabaiti kadhaa zoezi hili linaweza kuchukua muda mrefu sana, na Mac haitakuonyesha popote kwamba inaendelea. Kama lazima uzipate picha sasa hivi, Terminal inakuruhusu kuisimamisha kwa amri ya sudo pkill -f fsck, na kwa kawaida diski hujitokeza ikiwa ya kusoma tu. Tumia nafasi hiyo kunakili kila kitu kwenda diski nyingine, usiitumie kuendelea na kazi kama kawaida.

Kwenye Windows, diski hiyohiyo itakuletea ujumbe wa "Scan and fix". Hauna ubaya wenyewe, lakini ni uandishi. Kama diski ina nakala pekee, nakili kwanza kinachosomeka, ndipo uikubalie au uendeshe chkdsk E: /f, ukibadilisha herufi kulingana na diski yako. Baadaye ukikuta mafaili yenye mwisho wa .CHK, hayo ni mabaki ya data zilizokosa jina. Usiyafute haraka, huenda mojawapo ni klipu yako.

Klipu zimefika, programu ya kuhariri inazikataa

Hapa pana vyanzo kadhaa vinavyofanana kwa sura, kwa hiyo tazama majina ya mafaili kwa makini.

Kama mhariri wa Windows anaona kila klipu mara mbili, moja C0001.MP4 na nyingine ._C0001.MP4, ile yenye nukta na mstari chini mwanzoni si video. Mac huandika mafaili hayo madogo, mara nyingi ya kilobaiti 4, kwenye diski zisizo za kwake ili kuhifadhi taarifa zake za pembeni. Hazichezi, na kuzifuta hakugusi picha. Ubaya ni kwamba mtu anafungua faili la kwanza, linakataa, anahitimisha kwamba kazi yote imeharibika. Ukitaka kuzisafisha ukiwa bado kwenye Mac, andika dot_clean -m ikifuatiwa na njia ya folda, na uifanye kwenye nakala, kamwe si kwenye kadi.

Kama klipu inaingia lakini sauti au picha inaruka kidogo kila baada ya muda, uliza kwanza kamera ilirekodi kwa mtindo gani. Kamera za AVCHD hukata rekodi ndefu vipande vipande, 00000.MTS, 00001.MTS na kuendelea, ndani ya PRIVATE, AVCHD, BDMV, STREAM. Taarifa za jinsi ya kuviunga zimo kwenye folda za jirani. Mtu akichomoa .MTS peke yake, vipande vinabaki bila maelezo, na kwenye kiungo ndipo sauti inaporuka. Mac inaongeza mkanganyiko: huionyesha AVCHD kama faili moja, na mtu hudhani ndani hamna kitu. Bonyeza kitufe cha kulia, chagua "Show Package Contents".

Sony za XAVC S zina mpangilio mwingine: PRIVATE, M4ROOT, CLIP, na humo kila C0001.MP4 ina mwenzake C0001M01.XML. Faili la video linacheza peke yake, lakini lile la XML lina taarifa za rekodi ambazo baadhi ya programu huzihitaji. GoPro nayo hugawa rekodi ndefu: GX010123, GX020123, GX030123 ni vipande vya rekodi moja namba 0123. Ukipanga kwa jina pamoja na klipu nyingine, vinatawanyika.

Dawa ya yote haya ni moja. Nakili kadi nzima kuanzia juu, pamoja na folda zinazoonekana tupu, uiweke ndani ya folda yenye jina lako, mfano 2025-06-14_HARUSI_KAMERA-A_KADI-1. Usibadilishe jina la chochote kilichomo. Kadi mbili za Sony zote zinaweza kuwa na C0001.MP4, na ukizimwaga folda moja, kompyuta itakuuliza kama ibadilishe faili la kwanza kwa la pili. Jibu moja la haraka hapo linameza saa nzima ya sherehe.

Na kama faili limefika zima lakini halichezi, au linatoa sauti bila picha, jaribu VLC, programu ya bure ya kucheza video, kabla ya kulaumu uhamishaji. Kamera na simu nyingi sasa hurekodi kwa HEVC, mtindo wa kubana video, na Windows inaweza kuhitaji HEVC Video Extensions kutoka Microsoft Store ili programu yake ya kawaida iicheze. Ikicheza kwenye VLC, faili ni zima.

Ukubwa haulingani kati ya Mac na Windows

Mac inasema klipu ni GB 8, Windows inasema GB 7.45. Hakuna kilichopungua. Mac huhesabu gigabaiti moja kuwa baiti bilioni 1, Windows huihesabu kuwa baiti 1,073,741,824, na zote mbili huandika GB. Kwa hesabu hiyohiyo kadi ya GB 64 huonekana 59.6 kwenye Windows, na diski ya terabaiti 1 huonekana 931.

Linganisha baiti. Kwenye Mac ziko ndani ya "Get Info", kwenye Windows ndani ya "Properties", mstari wa "Size". Usitumie "Size on disk", kwa maana huo hubadilika kulingana na jinsi diski ilivyofomatiwa. Idadi nayo ina mtego: Mac huhesabu mafaili na folda kwa pamoja, Windows huzitenganisha, na yale mafaili ya ._ yanaweza kuongeza hesabu upande wa Windows.

Baiti kulingana ni dalili nzuri, si uthibitisho. Faili linaweza kuwa na urefu sahihi na uchafu ndani. Uthibitisho ni alama ya hundi, tarakimu ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili lote. Baiti moja ikibadilika, alama nzima inabadilika. Kwenye Mac andika md5 C0001.MP4 kwenye Terminal. Kwenye Windows andika certutil -hashfile C0001.MP4 MD5. Majibu yakifanana herufi kwa herufi, nakala ni sawasawa. Kwa kadi yenye klipu nyingi, tumia programu inayonakili na kuhakiki kwa pamoja. DaVinci Resolve, hata toleo la bure, ina Clone Tool kwenye ukurasa wa Media, na inafanya kazi pande zote mbili. TeraCopy ipo kwa Windows. OffShoot, iliyokuwa ikiitwa Hedge, ni ya kulipia na ipo kwa zote.

Mambo madogo yanayosumbua

Kunakili kunakwama kwenye faili moja tu, kutoka Mac kwenda diski ya Windows au kwa mtandao: angalia jina. Windows haikubali alama za : * ? " < > | wala mikwaju, na haipendi jina linaloishia na nafasi au nukta. Folda iliyoitwa "Harusi / sehemu ya 1?" itasumbua. Njia ndefu inayozidi herufi 260 pia hugomea programu nyingi za Windows. Sogeza folda karibu na mwanzo wa diski.

Kasi iko chini mno: tazama waya. Waya wa USB-C uliokuja na chaja mara nyingi ni wa USB 2.0, na utakupa takribani megabaiti 40 kwa sekunde. Kadi ya GB 128 itachukua karibu saa moja, wakati kadi ileile kwa waya na kisomaji cha USB 3 inaweza kumaliza chini ya nusu saa.

Umefuta klipu za kadi kwenye Mac, kamera bado inasema imejaa: zimo kwenye folda ya siri ya .Trashes. Kama nakala zako umeshazihakiki, fomati kadi ndani ya kamera yenyewe na si kwenye kompyuta.

Klipu za mwanzo zinacheza, za baadaye zote ni mbovu: shuku kadi bandia, iliyochongewa ukubwa ambao haina. Ijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac, baada ya kuokoa kinachookoleka, maana majaribio hayo huijaza kadi.

Diski imeshafomatiwa tayari

Acha kuitumia dakika hiyohiyo. Usinakili kitu ndani yake, usiirudishe kwenye kamera upige picha ya kujaribu. Fomati ya haraka kwenye kadi au diski ya kuzunguka kwa kawaida hufuta orodha tu, na picha hubaki mpaka zifunikwe. PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyofutwa, ni ya bure, inafanya kazi kwenye Mac na Windows, nayo haiandiki kwenye diski inayochunguzwa. Iambie iweke matokeo kwenye diski nyingine kabisa. Majina ya asili yatapotea, kwa hiyo utapanga upya kwa kuangalia. Kwa SSD, yaani diski isiyozunguka, matumaini ni madogo, kwa kuwa nyingi husafisha nafasi iliyofutwa zenyewe. Kama diski inagonga au inajizima, hiyo si kazi ya programu. Ichomoe umpelekee fundi wa kuokoa data.

Ukipata MP4 yenye ukubwa kamili lakini haifunguki, huenda imekosa sehemu iitwayo moov, ambayo kamera nyingi huiandika mwishoni kabisa mwa rekodi. Hutokea betri ikizimika ghafla. Programu ya bure ya untrunc inaweza kuijenga upya ukiipatia klipu nzima iliyorekodiwa kwa kamera ileile na mipangilio ileile, kwa hiyo usifute klipu nyingine za siku hiyo hata kama huzihitaji kwenye filamu.